Pongo Nyuma ya Mkia wa Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Aliye mbali asogee, anayetafuna ameze. Leo naanzia kwenye ugomvi, maana ugomvi ulikuwa umeshapamba moto.

"Nipe kibuyu," alisema Swala.

"Sikupi," alisema Pongo.

"Pongo, nipe kibuyu. Jua linashuka."

"Jua hushuka kila siku. Umekibeba mara mbili, na mara mbili umeanguka."

"Nimeanguka kwa sababu nina mbio. Mwenye mbio huanguka. Wewe huanguki kwa kuwa hukimbii. Tangu mchana umesimama hapo kama kigingi."

"Nilikuwa natazama."

"Unatazama nini?"

"Masikio ya Mjomba Nyati."

Swala akacheka. Ngiri akacheka. Hata nyani waliokuwa upande wa pili, ambao hawakusikia lililosemwa, nao wakacheka, kwa sababu nyani hapendi kupitwa na kicheko.

Sasa ngojeni niwaambie ugomvi huo ulitoka wapi.

Hapo zamani, siku zile punda milia walipokuwa bado wanabishana kama wao ni weupe wenye mistari myeusi au weusi wenye mistari myeupe, palikuwa na bwawa. Upande huu wa bwawa ni mbuga, wakikaa wanyama wa mbugani. Upande ule ni kilima cha mawe, wakikaa nyani. Masika maji yalikuwa mengi, kila mmoja alikunywa apendavyo. Kiangazi maji yalipungua, yakapungua, yakabaki kama ya kwenye sahani. Wa kwanza kunywa alikunywa maji. Wa mwisho alikunywa tope.

Ili wasiumizane, wazee wa pande mbili waliweka mchezo. Kila mwaka majani yanapokuwa ya manjano, upande mmoja unabeba kibuyu, upande mwingine unazuia. Mwaka unaofuata wanabadilishana. Kibuyu chenyewe ni kidogo, kikavu, kina mbegu ndani na kitanzi cha kamba shingoni. Mbebaji anauma kitanzi, anapita katikati ya wazuiaji, anafika kwenye mchongoma ulio nyuma yao. Wenzake wanamfungulia njia kwa kusukuma. Kuuma hakuna. Kupiga pembe hakuna. Mbebaji akiangushwa, anarudi mwanzo. Ana mara nne tu. Wakishinda, upande wao unakunywa kwanza kiangazi chote. Mwamuzi alikuwa Korongo, kwa kuwa yeye akikosa maji hapa huruka kwingine.

Na kibuyu kikitikisika kinasemaje, jamani?

Cheke-cheke, cheke-cheke.

Hivyo hivyo. Msikisahau.

Mwaka uliopita nyani walibeba, wakashinda. Wanyama wa mbugani wakanywa tope hadi mvua ziliporudi. Wenye nguvu walitembea siku mbili kwenda mtoni. Lakini mama yake Pongo alikuwa mzee, na sasa miguu yake ya nyuma ilikuwa imelegea. Asingeweza kutembea hata nusu siku. Kiangazi kingine cha kunywa tope asingekivuka. Pongo alilijua hilo. Kila alipotazama bwawa alimwona mama yake.

Basi siku ya mchezo ikafika. Nyati na wadogo zake wawili walisimama mbele kufungua njia. Wa kwanza kubeba alikuwa Swala.

Korongo akalia, kwaa.

Nyati akainamisha kichwa. Akasukuma, hmm, hmm, hmm. Lakini Swala hakungoja. Swala alikuwa na miguu minne na yote ilikuwa na haraka. Akamwacha Nyati, akazunguka pembeni, fyuu, cheke-cheke-cheke. Nyani sita wakamsikia, wakamkimbilia, wakamngoja huko huko pembeni. Wakamshika miguu. Puu.

Vumbi lilipotulia, pale katikati aliposukuma Nyati palikuwa na mwanya wa kupita tembo na mwanawe. Hapakuwa na mtu wa kuupita.

Wa pili alikuwa Ngiri. Ngiri alisema, "Mimi sizunguki. Mimi napita." Akainamisha kichwa, akafumba macho, akasimamisha mkia. Kwaa. Ngiri akaenda, gudu-gudu-gudu, cheke-cheke, akagonga kitu kigumu. Puu. Akafumbua macho. Kitu kigumu kilikuwa matako ya Nyati.

Nyati akageuka taratibu. "Mdogo wangu," akasema, "nyani wako upande ule."

Kibuyu kikapata ufa.

Wa tatu alikuwa Swala tena. Safari hii akazunguka upande mwingine, fyuu, cheke-cheke-cheke. Nyani wakamsikia, wakahamia upande mwingine. Puu. Na katikati palikuwa na mwanya.

Imebaki mara ngapi?

Moja.

Moja tu. Ndipo Pongo akakiokota kibuyu pale kilipoanguka, na Swala akasema nipe, na Pongo akasema sikupi. Hapo ndipo tulipoanzia.

Nyati akaja akihema. "Kelele za nini?"

"Huyu mtoto wa vichakani," alisema Swala, "anataka kubeba mara ya mwisho. Yeye hata kulungu wakimtisha huwa anasimama kwanza kufikiri."

"Tangu mchana nimefungua mwanya mara tatu," alisema Nyati. "Aliyeupita ni upepo. Eti Pongo, masikio yangu yana nini?"

Pongo aliona haya, lakini akasema. "Mjomba, ukitaka kusukuma kulia, sikio lako la kushoto hulala kwanza. Ukitaka kusukuma kushoto, hulala la kulia. Nimekufuata vichakani tangu nikiwa nanyonya. Wewe unapasua kichaka, mimi nakula majani laini ya ndani. Nisipojua unakogeukia utanikanyaga."

Nyati akayachezesha masikio yake, moja, halafu la pili.

"Hata mke wangu hajaniambia hilo," akasema. "Kibeba, mwanangu."

"Na mimi nifanye nini?" aliuliza Swala. "Nipige makofi kwa kwato?"

"Wewe kimbia pembeni kama ulivyokimbia. Ila bila kibuyu."

"Nikimbie mikono mitupu?"

"Mikono hujawahi kuwa nayo," alisema Ngiri.

"Kimbia, Swala," alisema Pongo. "Kwa mbio hakuna anayekufikia. Wakikufuata wewe, wanaobaki watakuwa wachache. Kisha zunguka, urudi kwenye mchongoma."

Swala akanuna. Akapiga kwato chini. "Tukishindwa, msiseme ni Swala."

"Tukishindwa," alisema Pongo, "semeni ni mimi."

Korongo akashusha mguu wake mmoja, akainua mwingine. Mara ya nne. Kwaa.

Swala akatoka, fyuu. Nyani sita wakasema, huyo, huyo, wakamfuata, maana walikuwa wamemzoea. Nyati akainamisha kichwa, hmm, hmm. Wadogo zake kushoto na kulia, hmm, hmm. Vumbi likapanda kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi.

Na Pongo je?

Pongo hakukimbia. Aliweka pua yake kwenye mkia wa Nyati, akatembea. Kwato moja, akasimama. Kwato ya pili, akasimama. Tik. Tik. Shingo ameinyoosha, kichwa hakitikisiki.

Na kibuyu kinasemaje?

Nyamazeni kidogo, msikilize. Kibuyu hakisemi. Mbegu zimelala. Nyani walikuwa wamezoea kumtafuta mbebaji kwa masikio, ndani ya vumbi, na sasa masikio yao hayakupata kitu.

"Kibuyu kiko wapi?" nyani mmoja aliuliza.

"Anacho Swala."

"Swala hasikiki."

"Basi anacho nani?"

Huku nyuma Ngiri akapiga kelele, "Pongo, umelala?" Wanyama wa mbugani wakapiga kelele, "Kimbia, kimbia." Moyo wa Pongo nao ukasema du-du-du, kimbia, kimbia. Upande wa kushoto aliona nafasi ndogo ikafunguka, ikajifunga. Miguu yake ikawasha. Akamfikiria mama yake, na alipomfikiria alitamani kukimbia zaidi. Ndipo akaimba kimoyomoyo. Imbeni nami:

*Subiri, mguu, subiri,*
*mwanya bado haujawa.*
*Ukiwa, mguu, ukiwa,*
*usingoje kuambiwa.*

Tik. Akasimama. Tik. Akasimama.

Sikio la kushoto la Nyati likalala.

Pongo aliliona. Kabla Nyati hajasukuma, Pongo alishaugeuza mwili wake kushoto. Hmmm, Nyati akasukuma kulia. Nyani wawili wakaenda naye. Mwanya ukafunguka, wala haukuwa wa tembo na mwanawe. Ulikuwa wa mnyama mmoja aliyebana mbavu. Na Pongo, yule kigingi, yule aliyelala, hakungoja tena. Fyuu. Cheke-cheke-cheke-cheke. Nyani wakasikia kibuyu, lakini walikisikia nyuma yao.

Mkadhani amefika. Hajafika.

Mbele ya mchongoma alikuwa ameketi Bibi Nyani. Tangu mchana hakumfukuza mtu. Swala alipozunguka, hakuinuka. Ngiri alipoanguka, alijikuna tu. Alikuwa akingoja, kwa sababu yeye naye alijua kungoja.

Pongo akasimama. Kibuyu kikanyamaza. Bibi Nyani akamtazama.

"Njoo kushoto, mjukuu wangu," alisema Bibi Nyani. "Au njoo kulia. Mimi sina kazi nyingine."

Pongo alikaza meno kwenye kitanzi. Alisimama. Nyuma yake nyani walikuwa wanageuka. Walikuwa hatua ishirini. Walikuwa hatua kumi. Nani atachoka kwanza, jamani? Bibi hachoki. Pongo akichoka, amepotea. Asipochoka, anashikwa kwa nyuma.

Lakini Pongo alikuwa akisikiliza. Aliwasikia nyani, na nyuma ya nyani akasikia kitu kingine. Kwato nyepesi, za mtu anayekuja kwa kasi akitokea pembeni. Miguu minne, yote ina haraka.

Swala alitokea kwenye vumbi, amewaacha nyani sita wakihema huko, anakuja moja kwa moja kwenye mchongoma. Bibi Nyani akageuza jicho. Jicho tu, na mkono mmoja.

Ukiwa, mguu, ukiwa.

Pongo akapita upande wa mkono mwingine. Cheke-cheke. Pua yake ikachomwa na mwiba, na hapakuwa na mwiba mtamu kama ule.

Kwaa, kwaa, kwaa, alilia Korongo.

Bibi Nyani akainuka, akajikung'uta vumbi. "Mwaka ujao tunabeba sisi," alimwambia Pongo. "Nitakaa mwaka mzima nikiwafundisha wajukuu zangu kukaa. Itakuwa kazi." Kisha akamtoa mwiba puani, kwa kuwa yeye alikuwa na vidole.

Korongo akakidonoa kibuyu mdomoni, kikafunguka. Akazimwaga mbegu, zikapandwa kando ya bwawa, zizae kibuyu cha mwaka mwingine. Ndivyo desturi ilivyo. Na desturi inasema mbebaji aliyeshinda hujaza kibuyu maji ya kwanza, akapeleka kwake. Pongo akajaza. Maji yakavuja kwenye ufa, tii, tii. Ngiri akaja kimya kimya, akachota udongo wa mfinyanzi kwa pua, akauziba ufa alioufanya mwenyewe.

"Usikimbie nacho," alisema Ngiri. "Kitamwagika."

"Sikimbii," alisema Pongo.

Mama yake alikunywa akakimaliza. Akauliza, "Maji haya mbona hayana tope?" Pongo akamwambia, "Ni ya kwanza, mama." Mama akakilamba kibuyu hadi ndani, akalala vizuri. Na Pongo, ambaye alikuwa amechoka mpaka ncha za pembe, japo yeye ni jike, na jike wa pongo hana pembe, naye akalala.

Haya, mafunzo yake ni haya, mtoto ayashike na mkubwa asiyaachie. Mbio ni zako, lakini njia inafunguliwa na wenzako. Usiwakimbie wanaokufungulia. Subiri mwanya uwe, na ukishakuwa usisubiri tena. Na aliyekimbia bila kibuyu, naye amebeba.

Hadithi yangu ningeifungia hapo, nikakunja jamvi. Lakini limebaki neno moja la mlangoni, na si vizuri kulala nalo.

Kesho yake asubuhi, umande haujakauka, kulikuwa na mtu anapiga hodi kwenye kichaka cha kina Pongo. Mama Pongo akajikokota hadi mlangoni. Akamkuta Swala amesimama kwa miguu yote minne, hata mmoja hauchezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona mapema?"

"Nimekuja kwa Pongo. Nataka anionyeshe yale masikio ya Mjomba Nyati."

"Pongo amelala. Jana alichoka. Nenda ukale majani, urudi jua likiwa juu."

Swala akatazama mbuga, jinsi ilivyokuwa pana na tupu na nzuri kwa kukimbia. Kisha akakunja miguu, akaketi pale pale mlangoni.

"Mwache alale, mama," alisema. "Nitamsubiri."