Kwa Nini Kidole Kisichokuwepo Huwasha

Mkimwona mtu aliyekatika kidole akijikuna mahali pasipo na kitu, msimcheke. Kaeni chini, mwenye kikohozi akohoe amalize, niwaeleze anajikuna nini.

Enzi hizo viungo vya mwili viliamkiana kila asubuhi kama majirani, na mkubwa wao alikuwa Ubongo. Aliishi katika nyumba ya mfupa isiyo na dirisha. Jua hakulijua, mvua hakuiona. Kila alichokifahamu aliletewa na Neva, ukoo wa matarishi waliojipanga tangu ncha za vidole, wakapanda mgongoni hadi kichwani. Tarishi hakumgusa mwenzake; kati yao palikuwa na upenyo mwembamba. Habari ikimfikia aliikimbiza mwilini mwake mwote kama cheche, kisha akarusha chembe za dawa upande wa pili, na mwenzake akizinusa tu, naye hushika mbio.

Dada yake Ubongo alikuwa Mkono, mama wa vidole vitano. Ubongo aliwapenda wapwa zake wote, lakini kitindamimba, Kidole cha Mwisho, alimpenda mno. Wakubwa walileta habari za kazi: jembe zito, kamba imekaza. Huyu mdogo alileta upuuzi: manyoya ya kifaranga, ubaridi wa mtungi, shavu la mtoto mchanga. Kwa mtu aliyefungiwa ndani ya mfupa, upuuzi huo ndio uliokuwa dunia yenyewe.

Kilichomponza Ubongo ni adabu. Adabu si mbaya, lakini yake ilipita kiasi. Aliweka sheria kwamba hakuna kiungo kitakachojongea bila amri yake, wala tarishi atakayefikisha habari bila kuamkiana naye hadi mwisho. Nanyi mnajua kuamkiana kwetu: hata aliyefiwa huanza kwa "njema", ndipo afike kwenye "ila".

Siku moja Mkono alikuwa akipika. Chungu kikayumba, akakidaka, na Kidole cha Mwisho akabanwa kati ya chungu na figa lenye moto. Neva wakarushiana habari hata ikafika kwa Uti wa Mgongo, bawabu mzee wa lango la kwendea juu. Misuli ya mkono ilikuwa ikimsikia vizuri kutoka pale. Angepaza sauti mara moja tu, Mkono angevutwa akaondoka motoni.

"Mzee, toa amri wewe, mtoto anaungua!" wakamwambia.

"Mkubwa hajasema," akajibu. "Piteni, piteni upesi."

Tarishi wa mwisho akafika kwa Ubongo akihema.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba. Mbona wahema hivyo? Habari za huko?"

"Njema, Mkubwa."

"Za dada yangu?"

"Njema."

"Na kitinda wangu, hajambo?"

"Hajambo, Mkubwa. Ila..."

Ubongo alikuwa bado anatabasamu; alidhani ameletewa kifaranga kingine. Aliposikia yaliyofuata alipiga kelele, "Mkono, toka! Toka!" Mkono akatoka. Kidole cha Mwisho hakutoka naye.

Majuto ni mjukuu, na huyu alipokuja hakuondoka tena. Ubongo alitamani japo naye aumie. Akajigonga kwenye ukuta wa mfupa, akajifinya, asisikie kitu, kwa kuwa yeye huumia kwa habari za wenzake tu. Maumivu yake mwenyewe hana. Hilo nalo alililia. Mkono akamtumia ujumbe, na safari hii tarishi hakuamkia: "Kaka, mwanangu alikuwa akikuita muda wote ule. Nawe ulikuwa unaniulizia hali."

Ubongo alimwita Uti wa Mgongo, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, mambo ya moto, ya mwiba na ya wembe usinisubiri. Vuta mkono kwanza. Mimi niambiwe baadaye."

"Na salamu, Mkubwa?"

"Salamu ndizo zilizomuua mtoto wetu."

Na tangu siku hiyo, ukigusa chungu cha moto mkono huruka wenyewe, nawe husikia maumivu ukiwa umekwisha kuuondoa. Ni Uti wa Mgongo ametoa amri. Ubongo huambiwa mwisho, kama alivyotaka mwenyewe.

Lakini Ubongo hakukubali mkeka wa kumpokelea Kidole cha Mwisho ukunjwe. Katika nyumba ile kila kidole kina mahali pake pa kupokelewa, na pa huyu pamebaki wazi. Matarishi wa vidole jirani wakipita, wakaukanyaga ukingo wa mkeka ule kwa bahati mbaya, Ubongo hushtuka na kuuliza, "Kitinda, ni wewe? Habari za huko?" Hapo ndipo yule mtu huhisi mwasho, akapeleka mkono, akakuna hewa.

Mwacheni ajikune. Ndani mle yupo mjomba anayesubiri kuambiwa njema.