Jina la Makokha Mvuani

Mkakasi ni kikopo kilichorembwa kwa rangi za kuvutia, lakini kikilowa, urembo wake wote huchuruzika. Ndivyo ulivyo wema wa kuonyesha watu: hupendeza mpaka siku ya dhiki.

Viola aliishi Tuwan, mjini Kitale, akiandika kadi za harusi kwa mkono. Mwandiko wake ulisifiwa na kila aliyeuona. Fahari yake kuu ilikuwa vichupa vya wino kutoka Japani, uliotengenezwa ufanane na wino wa kale. Aliupenda zaidi ule wa hudhurungi, uliokolea kama chai ya rangi.

Kaka yake, Makokha, alilazwa Bungoma akiugua figo. Alimpigia Viola simu mara kwa mara.

"Kuja tu nikuone, dada. Sitaki kitu."

Viola aliahidi kufika, lakini kila wiki kulikuwa na kadi za kumaliza. Makokha akakata roho macho yakiwa mlangoni.

Hapo ndipo Viola alipofika kwao Myanga mbio mbio, akashikilia kwamba yeye ndiye angeandika jina la marehemu msalabani. Mama yao, Nabwile, alimsihi atumie rangi ya mafuta, kama iliyotumika kwa baba yao. Viola alikataa katakata. Rangi hiyo, alisema, ni ya vibao vya maduka. Akachovya brashi katika wino wa Kijapani, akaandika juu ya mbao tupu. Waombolezaji walipozistaajabia herufi zile, moyo wake ulitulia kana kwamba amesamehewa.

Mchungaji hajamaliza kuomba, mvua ikashuka. Herufi zilivimba, zikashikana, zikachuruzika kama damu ya kidonda. Kaburi lilipofunikwa, msalaba ulikuwa na madoa matupu. Watu wakanong'ona kwamba marehemu ameukataa mkono wa dadake.

Viola alipiga magoti matopeni, akiukinga msalaba kwa viganja. Mama yake akamshika bega.

"Wacha, Viola. Makokha hakuitisha jina nzuri. Aliitisha wewe, na hukukuja."

Kesho yake, jua lilipokausha mbao, binamu yao Hillary aliliandika jina upya kwa rangi ya mafuta, herufi zikipinda huku na kule. Hakuna aliyemwita Viola. Alisimama kando ya ua, viganja vyake vingali vya hudhurungi, akajua kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.