Mkwepa Upepo Haoni Njia

Mkwepa upepo haoni njia. Hiyo ndiyo methali mliyoisikia leo kijiweni kwa bodaboda, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa mababu. Ilizaliwa hapa hapa kwetu nikiona kwa macho yangu, na chanzo chake ni hiki. Kaeni. Na wewe mwenye ufunguo wa pikipiki mkononi, uweke chini kwanza.

Upepo wa Singida mnaujua. Ukitoka mashariki unalaza alizeti shambani. Sasa chukua pikipiki ndogo, funga matenga ya kuku nyuma, moja juu ya jingine mpaka yampite dereva kichwa, halafu ingia barabara kuu uelekee Manyoni. Upepo unayashika yale matenga kama mtu anayekuvuta shati. Unakaza mafuta, injini inalia, mwendo hauongezeki, na petroli inapotea kama maji mchangani.

Vijana wetu waliokuwa wakipeleka kuku mnadani walihangaika sana na jambo hilo. Walijaza matairi mpaka yakawa magumu kama jiwe. Walibana kabureta mpaka pikipiki zikakohoa. Wengine walilala juu ya tangi kama mjusi ukutani. Fundi akawaambia, "Fungeni tenga moja moja, tena chini, halafu punguzeni mwendo. Pikipiki ndogo ukiikimbiza lazima inywe." Hawakutaka. Ukienda polepole kuku wanakufa kwa jua, na mwenzako anafika kwa mnunuzi kabla yako.

Tena walikuwa na mchezo wao. Wakifika mnadani, kila mmoja anashika usukani na kuitikisa pikipiki yake, wenzake wakisikiliza tangi. Petroli ikicheza kwa sauti nzito, chwa, chwa, maana yake imebaki nyingi, na huyo ndiye bingwa wa siku. Ambaye tangi lake limenyamaza ananunua chai ya wote, na utani wanamfungia wa kwenda nao nyumbani.

Hango alikuwa mtoto wa jirani yangu. Kati ya nyumba yetu na yao palikuwa na ua wa minyaa tu, kwa hiyo nimemwona tangu anatambaa. Kijana mpole, ila pikipiki yake ilikuwa kuukuu, inakunywa kupita zote, basi chai ilikuwa yake kila mara. Rafiki yake Njiku akampa jina, Baba Chai. Siku moja huyo Njiku akamwonea huruma, akamfundisha kile walichokiita kunyonya lori. Unasubiri lori refu la mizigo, unaingia nyuma yake karibu kabisa, karibu kiasi kwamba ungeweza kuandika jina lako kwenye vumbi la mlango wake wa nyuma. Pale upepo haupo. Pikipiki inatulia, mkono unalegeza mafuta, na bado mnakimbia pamoja. Hango akajaribu, na siku hiyo tangi lake likacheza kushinda yote. Njiku mwenyewe ndiye aliyenunua chai.

Mama yake alipojua, raha ikamtoka. Akisikia lori anaacha kupepeta, anatazama barabarani mpaka lipotee.

Siku yenyewe, asubuhi, Hango alipokuwa anaelekea mnadani na mzigo wa kwanza, alikuta lori limeharibika upande wake wa barabara. Dereva hakuwa na kitu cha kuonyesha hatari, basi Hango akashuka, wakakusanya mawe na kuyapanga juu ya lami nyuma ya lori, kama inavyofanywa siku zote. Moja lilikuwa kubwa, walilibeba wawili. Aliporudi kuchukua kuku waliobaki akaona lori limeshatengenezwa na limekwenda zake. Mawe yamebaki palepale.

Mimi nilikuwa uani kwao, namsaidia mama yake kufunga kuku miguu. Hango akamsimulia huku akikaza kamba za tenga.

"Madereva hawa, mama! Kupanga mawe tumepanga wote, kuyaondoa wameshindwa."

"Na wewe umeyaondoa?"

"Yako upande ule wa kwendea. Nitayatoa nikipita sasa hivi."

"Utayaonaje, baba, na wewe unakwenda umejificha nyuma ya lori?"

Hango akacheka. "Nimeyapanga kwa mikono yangu, nitayasahau?"

"Sijasema utayasahau. Nimesema hutayaona."

Njiku alikuwa barabarani anamsubiri, pikipiki inanguruma. Akapaza sauti, "Baba Chai! Toka huko kwa mama, lori hilo linakuja!"

"Hango," mama yake akasema, "leo pita peke yako. Upigwe na upepo. Petroli ikiisha utasukuma, nami nitakuja tusukume wote."

"Wewe mama uje kusukuma pikipiki? Watanicheka mpaka Manyoni."

"Wakucheke. Anayechekwa yuko hai."

Akatabasamu, akamshika bega. "Haya mama, nimesikia."

Wanangu, hilo "nimesikia" nalijua. Ndilo mnaloniambia mimi kila asubuhi.

Lori likapita, Hango akaingia nyuma yake. Njiku akafuata, ila aliachwa kidogo, ndiyo maana alibaki wa kusimulia. Anasema dereva wa lori hakuyumba. Yeye amekaa juu, mawe aliyaona toka mbali, akayaweka katikati ya magurudumu na tumbo la lori likapita juu yake salama. Hango mbele yake aliona mlango wa lori tu. Njiku anasema alimwona akigeuza kichwa pembeni ghafla, akitazama miti ya kando, kama mtu aliyekumbuka kitu. Alikuwa amepatambua mahali. Lile jiwe kubwa likatokea chini ya lori wakati huohuo.

Lori halikusimama. Sidhani kama dereva wake anajua hata leo.

Njiku alirudi kutuita mimi na mama yake. Tulipofika, matenga yalikuwa yamepasuka, kuku wanarukaruka majanini na kamba miguuni, manyoya yanapeperushwa na upepo uleule. Hango walikuwa wameshamfunika kwa kitenge cha mpita njia. Mama yake alikaa chini kwenye lami, akamwekea mkono kifuani juu ya kile kitenge.

Wanaume wakaja kuiondoa pikipiki barabarani. Walipoinyanyua, petroli ikacheza ndani ya tangi. Chwa, chwa. Sauti nzito. Kila mtu akasimama alipo.

Mama Hango akainua kichwa. "Njiku, hiyo ndiyo sauti mliyokuwa mnaishindania?"

Njiku akaishika pikipiki isitikisike tena.

Mama akamtazama mwanawe, akalitazama lile jiwe, akasema polepole, kama mtu aliyetoka kuambiwa jina la ugonjwa uliomla miaka yote, "Mkwepa upepo haoni njia."

Basi. Hapo ndipo ilipozaliwa.

Baadaye alikuwa akienda kusimama kando ya barabara. Akiona kijana amejibanza nyuma ya lori anampigia kelele maneno hayohayo. Wao walimheshimu sana. Walipunguza mwendo, "Shikamoo mama," wakapita, kisha wakaharakisha kulifikia lori. Mama aliendelea hivyo mpaka miguu ilipomshinda.

Maneno yake yakaenea. Njiku alikuwa wa kwanza kuyaandika kwa rangi kwenye madigadi ya nyuma ya pikipiki yake, na wengine wakamwiga, na leo ukisimama barabarani utayaona yanapita siku nzima. Lakini yako nyuma, ambako mwenye pikipiki hayaoni. Anayemfuata naye hayasomi, macho yake yako kwenye mlango wa lori. Mchezo wa kutikisa tangi bado upo. Nimewaza mara nyingi, kama kifo cha Hango hakikuwatosha, mimi mwenye mdomo tu nitawatoshaje?

Haya, naona umeshauokota ufunguo wako. Na upepo leo umetoka mashariki, nausikia kwenye bati. Sikuzuii, kwa sababu nilimwona mwenzangu akizuia. Upigwe nao kifuani, mwanangu. Petroli ikiisha, nitumie mtu, nitakuja tusukume wote.

Mkwepa upepo haoni njia.