Jina Moja Katika Wimbo wa Bi Shuwena

Nitasimulia mimi, ila kuamua mtaamua wenyewe. Tanga palikuwa na kliniki ya meno. Daktari Mwinyikai alikuwa na mkono usiotetemeka. Nesi Mize alijua kuibembeleza fizi ikatulia. Hemedi, fundi wa chumba cha nyuma, alichonga meno ya bandia usiyoweza kuyatofautisha na ya kuzaliwa. Tena alikuwa na wivu. Wagonjwa walimshukuru daktari, wakamwombea dua nesi. Yeye hawakumjua hata sura.

Akaja Bi Shuwena, mwimbaji wa taarabu. Jino lake la mbele lilikatika hadi chini ya fizi, kila akiimba linatoa mluzi, na harusi kubwa imekaribia. Daktari akapitisha kamera mdomoni. Kwenye kompyuta jino likaonekana, lakini ukingo uliozama chini ya fizi ulikuwa ukungu mtupu, kwa kuwa kamera haioni kilichofunikwa na damu na mate. Hemedi akachonga kofia ya bandia ya kulivika jino hilo, kwa kukisia. Ikapwaya.

Wakarudia. Mize akasukuma uzi mwembamba taratibu kati ya jino na fizi, hata fizi ikaachia na damu ikakata.

Uzi ulipotolewa tu, Daktari akapiga picha upesi, kabla fizi haijajifunga. Mkono ungetikisika, ukungu ungerudi.

Hemedi akaufuata ukingo ule bila kuruka hata unywele. Kofia ikakaa barabara.

Bi Shuwena akaimba palepale kitini. Mluzi hakuna! "Harusini nitamsifu mmoja wenu kwa jina," akasema. "Mmoja tu. Nikitaja watatu, si wimbo tena, ni mahudhurio ya shule."

"Bila uzi wangu mngeona nini?" Mize akawahi.

"Kwani uzi unapiga picha?" Daktari akamrudi.

Hemedi, aliyetoka chumba cha nyuma kuona kofia ikivikwa, akainamia vifaa na kuanza kuvifuta. Hakutaka wivu wake uonekane usoni.

Bi Shuwena akamtazama kwa huruma. "Huyu kijana hana tamaa. Mwanangu, jina utaniletea wewe."

Siku ya harusi, Hemedi akasimama kando ya jukwaa, jina lake mwenyewe limemjaa mdomoni. Mize na Daktari walikuwa viti vya mbele, kila mmoja akimkonyeza.

"Haya baba, nani?" Bi Shuwena akainama.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema chawa akishavunjwa, sifa ni za kidole kipi. Je, wewe ungekuwa Hemedi, ungemtaja nani? Na kesho yake ungeingiaje kazini?