Ufuta wa Nakiete

Hii nimetumiwa na shangazi yangu anayelima nyanya, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome yote kabla hujaituma kwa mwingine.

Katika kijiji kimoja cha milimani, wakulima wote wa nyanya walimwagilia kwa mfereji mmoja. Sheria ya mfereji ilikuwa fupi: siku ya kupiga dawa, wote wanapiga. Anayekataa ananyang'anywa zamu yake ya maji.

Msimu uliotangulia, kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda, alikuwa amemaliza nyanya za kijiji kizima. Watu walipiga dawa mpaka mikono ikababuka, na kantangaze akaendelea kula kama mgeni aliyekaribishwa mezani.

Nakiete, mjane mwenye shamba dogo kuliko wote, aligundua jambo. Kwenye ufuta alioupanda kando ya matuta yake kulikuwa na wadudu wadogo wa kijani, wembamba, wenye miguu mirefu. Aliwaona kwa macho yake wakifyonza mayai ya kantangaze. Akaamua kwamba msimu huu hapigi dawa.

Mzee Kanaeli, mwenyekiti wa mfereji, akaja kukagua akiwa na wakulima wenzake. Akainama, akashika shina la nyanya.

"Mama, hizi pete za kahawia kwenye shina ni za nini?"

"Ni wadudu wangu, Mwenyekiti. Wananyonya kidogo."

"Wananyonya nyanya, halafu unawaita walinzi?"

"Ndiyo. Kantangaze akiwepo wanamla yeye. Asipokuwepo wanakunywa maji ya mimea, na ufuta ndio wanaoupenda zaidi. Ndiyo maana hawahami."

"Hao ni wezi tu. Kesho upige dawa."

"Sipigi."

Watu wakaguna. Bila maji shamba lile lingekauka ndani ya wiki mbili, na Nakiete alikuwa na watoto watatu na hakuwa na shamba lingine. Niseme kweli, mimi ningepiga dawa.

"Nipeni mpaka nyanya ziive," akasema. "Nikishindwa, chukueni zamu yangu, nami sitafungua mdomo."

Mzee Kanaeli akaliachia shina. "Haya. Siku ya kuchuma tutakutana hapa hapa."

Nakiete akaongeza ufuta kila palipokuwa na nafasi. Kila asubuhi alipita mstari kwa mstari, akigeuza majani. Wenzake walipiga dawa, mashina yao yakawa safi, na walipokutana naye mferejini walimtania: "Mama Ufuta, wageni wako wameshiba?" Alijaza ndoo yake akaondoka. Nyumbani alilia mara moja, akafuta macho, akarudi shambani.

Siku ya kuchuma ikafika. Wakulima wakajaa shambani kwake. Mashina yalikuwa na pete, na maua kadhaa yalikuwa yamedondoka. Lakini nyanya zilikuwa nzima, nyekundu, bila tundu. Wakapasua kumi, wakapasua ishirini. Hakuna funza wa kantangaze hata mmoja.

Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Mzee Kanaeli akatoa mfukoni nyanya iliyotoka shambani kwake mwenyewe, akaipasua mbele ya watu. Funza wawili wakatambaa kwenye kiganja chake.

"Nimepiga dawa mara tisa," akasema. "Nimewaua wote waliokuwa wananisaidia, na huyu nimemwacha."

Kisha akapaza sauti: "Zamu ya maji ya mama huyu asiiguse mtu. Na yangu ya kesho apewe yeye."

Nakiete akashangaa. "Ya nini tena, Mwenyekiti? Nyanya zangu si zimeshaiva?"

"Umwagilie ufuta, mama. Sisi sote tutakuja kukuomba mbegu, na hao wezi wako."

Funzo: Usimfukuze anayekulinda kwa sababu tu naye anakula kwako, angalia kwanza anachokula, kisha angalia anachokuokolea.