Jina la Mjukuu wa Fundi Wakoli

Kuuliza si ujinga. Methali hii ni nyepesi kuitamka na nzito kuitii. Wengi wetu tukikutana na jambo tusilolijua huona haya kuuliza, kisha tunaliziba pengo hilo kwa uvumi, kama mtu anayeziba paa linalovuja kwa majani makavu. Nyumba ya marehemu Wakoli, karibu na mji wa Kimilili, iliishi chini ya paa la namna hiyo karibu mwaka mzima.

Wakoli alikuwa seremala aliyesifika. Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti alimuaga mkewe, Nakhumicha, akasema anakwenda Malakisi kupima madirisha ya mteja. Alikuwa na mazoea ya kulala kazini, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta. Siku zikapita, kisha simu ikaja kutoka hospitalini Kitale. Wakoli alikuwa amegongwa na gari katika mji huo, akalazwa bila fahamu, na sasa ameaga dunia.

Kutoka Kimilili, Kitale na Malakisi ziko pande mbili zisizoonana. Mtu aliyekwenda huku anafaje kule? Swali hilo lilimkaba kila mtu kooni, lakini hakuna aliyelitoa. Walimzika, wakamlilia, wakanyamaza. Baada ya matanga, mwendesha bodaboda mmoja akasema kwamba alikuwa amemwona mzee huyo mjini Kitale mara nyingi, ameshikwa mkono na mwanamke aliyejitanda mtandio. Maneno hayo yakaenea kama moto kwenye mabua.

Kwa desturi ya Wabukusu, mtoto hupewa jina la jamaa aliyetangulia, ili jina lake lisizimike. Lakini aliyekufa na aibu huachiwa jina lake alale nalo. Kwa hiyo Fridah, mke wa mwana wa marehemu, alipojifungua mtoto wa kiume, watu wote walimtazama Nakhumicha.

"Hiyo jina haitaitwa kwangu," alisema mama huyo. "Alienda kwa mwenye alikuwa anaenda kwake. Tafuteni lingine."

Nekoye, kitinda mimba wa Wakoli, aliyasikia hayo akiwa amempakata mtoto. Alikuwa ametoka chuoni muda si mrefu, msichana mwenye haya nyingi, ambaye akikanyagwa mguu ndiye huomba radhi. Alimpenda baba yake. Tena, zaidi ya huzuni, kulikuwa na kitu kilichomwasha moyoni kama upupu: alitaka kujua.

"Mama, na kama tungeuliza?" alisema kwa sauti ndogo.

"Tuulize nani? Marehemu?"

"Polisi. Ajali huandikwa."

Baba yake mdogo, Mukhisa, aliangua kicheko. "Polisi! Wewe ambaye hata kuku huwezi kumfukuza? Mtu akienda polisi na miguu yake mwenyewe, anarudi na kesi."

"Si nitauliza tu, baba mdogo."

"Ati kuuliza. Wewe ndiye utaulizwa, bana."

Hata hivyo alikwenda. Alianzia Bungoma, kwa kuwa ndiko makao makuu ya kaunti yao na ndiko alikosomea. Askari wa zamu alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Jambo huandikwa katika kituo cha mahali lilipotokea, dada. Hapa utatafuta mpaka uote mvi. Nenda Kitale."

Huko Kitale alimkuta koplo mmoja aliyeitwa Kimaiyo, mtu mrefu mwenye sauti ya upole.

"Umeibiwa?"

"Hapana, afande. Nimekuja kuuliza."

"Watu huja hapa kujibu maswali," alisema Kimaiyo, akitabasamu. "Haya, uliza."

Nekoye alimweleza. Kimaiyo alimfahamisha kwamba kitabu cha matukio, ambacho watu hukiita OB, hakikabidhiwi mtu juu ya kaunta akajisomee, kwa sababu kimebeba habari za watu wengi. Lakini Katiba inampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Angeandika barua kwa mkuu wa kituo, aeleze yeye ni nani, marehemu ni nani wake, anataka kujua nini na kwa sababu gani. Angeambatisha nakala ya kitambulisho na ya cheti cha kifo, na ataje tarehe na mahali pa tukio.

"Na nakala yako igongwe muhuri, uende nayo," aliongeza. "Siku nyingine ukija, hakuna atakayekuambia hujawahi kufika."

"Nitalipa nini?"

"Kuomba hakulipiwi. Akikuambia mtu hapo nje kwamba ana njia ya mkato, mpite kama humwoni."

Nekoye aliandika barua yake palepale, kwenye benchi. Aliporudi kwa jibu, alikuta limeandikwa vizuri, tena kwa heshima: siku hiyo hapakuwa na ajali iliyoletwa kituoni.

Machozi yalimlengalenga. Kimaiyo alilitazama jibu lile, kisha akamtazama msichana.

"Hii tarehe uliitoa wapi?"

"Kwenye cheti cha kifo."

"Hiyo ni siku aliyokufa. Si umesema alilala hospitalini kwanza? OB hufuata siku tukio lilipoletwa. Aligongwa lini?"

Nyumbani kwa kina Nekoye msiba ulikuwa na siku moja tu, ile ya simu. Katika muda huo wote hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo dogo kama hilo.

Alirudi nyumbani akamuuliza mama yake baba aliondoka lini. Nakhumicha alikuwa akipepeta maharagwe. Bila kuweka ungo chini akasema, "Ilikuwa ile asubuhi kijana wa Bilha alitoka mtoni amepakwa matope. Baba yako alisimama hapo njiani akamwimbia, kisha akaenda."

Ulikuwa mwaka wa tohara, na kwa Wabukusu kijana hupakwa matope mtoni asubuhi ya kutahiriwa. Nekoye alikimbia kwa jirani yao, Bilha. Je, mama mzazi husahau asubuhi aliyosimama kumngoja mwanawe awe mwanamume? Bilha alifungua simu yake. Picha zilikuwemo zote, matope, njuga na shangwe, kila moja na tarehe yake.

Barua ya pili haikukawia kujibiwa. Tukio lilipatikana: mwanamume mtu mzima kugongwa akivuka barabara karibu na msikiti. Jina la aliyeripoti halikutajwa.

"Hilo siwezi kukupa hivihivi," alisema Kimaiyo. "Huyo pia ana haki yake. Keti, nimuulize kwanza." Akaingia ndani na simu, akatoka baada ya kitambo. "Amekubali. Anasema amewangoja sana. Anaitwa Khairunisa, anauza chai karibu na msikiti."

Nekoye aliposema nyumbani kwamba aliyeripoti ni mwanamke, Nakhumicha aliinuka akavaa viatu vyake vya kanisani. "Twende," alisema. "Nimwone kwa macho yangu."

Khairunisa alikuwa mama wa makamo mwenye mtandio wa kahawia na mikono yenye unga. Aliwakaribisha, lakini Nakhumicha hakuketi.

"Wewe ndiye ulikuwa unamshika mkono mume wangu?"

"Ndiyo mimi, dada," alijibu Khairunisa bila kusita. "Kila akija kliniki ya macho. Ukungu ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Gari alilisikia, ila hakujua liko wapi. Nilikuwa namvusha barabara, anakunywa chai, anaenda."

"Macho?"

"Alisema nyumbani wasijue. Fundi asiyeona, nani atampa kazi? Siku hiyo nilikuwa na wateja wengi. Akasema, leo nitavuka mwenyewe. Nikasikia breki." Akajifuta unga mikononi. "Nilienda polisi, nikaenda hospitali. Sikujua kwao ni wapi. Nilimjua kwa jina la Fundi tu. Niliporudi tena nikaambiwa watu wake wamemchukua."

Nakhumicha alishuka polepole mpaka kwenye benchi. "Na mimi nilidhani anazeeka vibaya," alisema. "Alikuwa anagombana na misumari. Anapiga kidole, anatukana nyundo. Sikumuuliza."

Nekoye alitamani kusema neno la faraja, lakini mama yake alikuwa amekwisha kuinua uso, akimtazama yule mwanamke kwa macho ya mtu mwenye kiu.

"Alikula siku hiyo?"

"Chapati mbili. Ya pili akasema haina chumvi."

"Ndiye huyo," alisema Nakhumicha. Akacheka huku machozi yakimtiririka. "Hata mbinguni analalamikia chumvi." Kisha akauliza jambo lingine, na lingine. Alikuwa amevaa shati lipi? Alisema nini juu ya watoto? Alikuwa na maumivu? Khairunisa alijibu yote aliyoyajua, na yale asiyoyajua alisema hayajui. Chai ilipoa, ikamwagwa, ikamiminwa nyingine.

Walipofika nyumbani jioni, Mukhisa alikuwa akiwangoja mlangoni. "Haya, mmerudi na kesi?"

Nakhumicha alimchukua mjukuu wake kutoka mikononi mwa Fridah, akamsogeza karibu na uso wake, akamwita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Bilha, "Wakoli." Mtoto alipiga chafya. Fridah akaanza kulia, na Mukhisa akavua kofia yake.

Jina lililokuwa likae kaburini na aibu isiyo yake likapata mwenyewe, kwa sababu msichana mmoja mwenye haya alithubutu kusimama mbele ya kaunta na kufungua kinywa. Kweli, kuuliza si ujinga.