Mbogo na Kozi ya Malisho

"Haya, mlio mbele na mlio nyuma!"

"Tupo!"

"Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha nyumbani?"

"Tumekuja nayo!"

"Basi yafungueni, na midomo mfunge."

Hapo kale palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na Mbogo. Jamani, tumbo la huyo halikujua kutosheka! Akiamka, anakula. Akisimama, anakula. Akilala, anacheua cha jana. Ng'ombe wakisogea, anawafurusha kwa pembe: "Tokeni! Bonde langu!" Akala majani hadi shina, akala shina hadi mzizi, bonde likabaki jeupe kama upara. Mvua ikija, shwaaa, inapita na udongo wake.

Bi Pimbi aliishi kwenye mawe juu ya bonde na wanawe watatu. Siku moja mdogo wao alinyonya, akaacha, akalia. Maziwa hayakutoka. Bi Pimbi akamtazama Mbogo kule bondeni. Akasema moyoni, "Dude lile silimudu kwa nguvu. Lakini kwa sifa? Hapo namweza."

Akaning'iniza gome la mti shingoni mwake, eti kitambulisho, akateremka.

"Hodi, Bwana Mbogo! Naendesha mafunzo kwa vitendo, ya kufufua malisho."

"Kuna chakula?"

"Kuna cheti."

"Cheti ndiyo nini?"

"Ukiwa nacho mkononi, bonde ni lako milele, hakuna wa kukuuliza. Ukikikosa, ni letu sote. Ng'ombe ni mashahidi."

Mbogo akatanua pua. "Nani akikose? Mimi? Mtaalamu mzima?"

Bi Pimbi akaligawa bonde vipande kumi na viwili, akapanda juu ya jiwe. "Kipande cha kwanza! Kula tonge moja! Kanyaga! Kunya! Songa mbele! Na mwanafunzi hodari hageuki nyuma!"

Mbogo akala tonge moja. Akakanyaga, kwata kwata kwata. Akanya, pwaa! Akasonga mbele.

"Mwalimu, nina njaa."

"Cheti unakitaka, hukitaki?"

"Nakitaka."

"Basi songa mbele!"

Kwata kwata kwata. Pwaa! Kwato zake zikavunja ardhi ngumu, mbolea ikaingia mashimoni. Mvua ikaja, shwaaa, safari hii ikazama. Nyuma ya Mbogo majani yakachipua. Ng'ombe wakanyata wakala. Bi Pimbi naye akala, na mwanawe akanyonya hadi akacheua. Bi Pimbi alilia kwa furaha, kisha akajifuta haraka, maana mwalimu halii darasani.

"Mwalimu, mbona nasikia watu wanatafuna nyuma yangu?"

"Hao wanasahihisha mtihani wako. Songa mbele!"

Siku ya kufuzu ikafika. Mbogo mbavu nje, macho ndani. Ng'ombe wakamzunguka Bi Pimbi.

"Bibi wee, umetuponza! Ukimpa cheti, tumekwisha!"

"Niliahidi, nitampa."

Akasuka cheti kwa majani mabichi, laini, yenye umande. "Hongera, Bwana Mbogo! Mikono huna, kishike kwa mdomo. Sasa tulia, tusikilize hotuba."

Hotuba! "Kwanza niwashukuru ng'ombe. Pili niwashukuru kupe wa ng'ombe. Tatu, kwa namna ya pekee, niwashukuru ndugu wa hao kupe..." Jua likapanda. Utomvu mtamu ukamchuruzikia Mbogo ulimini. "Kumi na tisa, niwashukuru..."

Nyam. Gu!

Bi Pimbi akakatiza hotuba.

"Bwana Mbogo, cheti kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Tumboni."

Ng'ombe wakacheka hadi wakaketi chini.

"Basi bonde ni letu sote," akasema Bi Pimbi. "Lakini usihuzunike, mwanafunzi wangu. Kozi ya marudio inaanza sasa hivi. Kipande cha kwanza! Kula tonge moja!"

Na Mbogo, kwa kutaka cheti, akala tonge moja. Kwata kwata kwata. Pwaa!

Ngano yangu naitua hapa, anayeitaka aibebe. Na fundisho lake, watoto, ni hili: someni kwa bidii mpate vyeti, maana mwenye cheti hafi njaa.